Kuteremka Korongo la Mto kwa Kuserereka na Kuruka: Mwongozo kwa Anayeanza

Video za watu wakijirusha majini kutoka juu ya jabali huchukua sekunde chache. Siku yenyewe ni ya saa nane au zaidi, na sehemu kubwa yake ni kutembea juani, kukagua maji, kungoja zamu na kutetemeka kwa baridi. Aliyekuja kwa ajili ya kuruka tu huwa amechoka kabla ya saa sita mchana, na uchovu huumiza watu wengi korongoni kuliko woga.

Kuna jambo moja ambalo mgeni halioni mpaka aelezwe: ukisharuka mruko wa kwanza, mlango umefungwa nyuma yako. Hakuna anayepanda tena poromoko alilorukia, na kuta za pande zote mbili mara nyingi hazipandiki. Kwa hiyo maamuzi makubwa yote hufanywa ukiwa bado mkavu. Ili maneno yasielee hewani, nitaegemea mahali pamoja halisi: makorongo ya milima ya Hottentots Holland, Afrika Kusini, ambayo Waswahili wengi wanaoishi Cape Town wanaweza kuyafikia asubuhi na kurudi jioni.

Hatua ya 1: Chagua korongo, kisha majira

Milima hiyo iko mashariki mwa Cape Town, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, juu ya mji mdogo wa Grabouw wenye mashamba ya matufaha. Hifadhi inasimamiwa na CapeNature, shirika la uhifadhi la jimbo la Western Cape, na wanaoingia makorongoni huanzia Nuweberg. Njia ziko mbili. Ya Riviersonderend ina kilomita 15 hivi, na mruko wake mkubwa ni wa mita 7 hivi. Ya pili inaitwa Suicide Gorge, ina kilomita 17 hivi, na humo miruko inafika mita 14.

Jina hilo la pili linavuta watu. Usikubali jina likuchagulie njia. Anayeanguka kutoka mita 7 huyagusa maji akiwa na mwendo wa kilomita 42 hivi kwa saa. Kutoka mita 14 ni karibu kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo wa kwanza, ukikaa vibaya hewani unatoka na mapaja mekundu. Kwa wa pili unaweza kutoka na uti wa mgongo ulioumia. Kama hujawahi, nenda Riviersonderend, na usione haya kusema hivyo mbele ya wenzako.

Huko kusini mchezo huu unaitwa kloofing, na kwa kawaida hufanywa bila kamba za kushukia: unatembea, unaogelea, unaserereka, unaruka. Makorongo mengi ya Alps, au ya Sierra de Guara kule Uhispania, yana maporomoko yasiyorukika hata kidogo. Huko kamba na ujuzi wa kushuka nazo ni lazima, na hayo yanataka mafunzo ya ana kwa ana.

Sasa majira. Mvua za Cape hunyesha wakati wa baridi kali, Mei hadi Agosti, kwa hiyo msimu wa kuteremka ni Novemba hadi Aprili. Aliyekulia Afrika Mashariki asipime kwa kalenda ya nyumbani, kwani kwetu miezi hiyo inagusa vuli na masika yote mawili. Anayetaka kujaribu vijito vya miteremko ya Kilimanjaro au Mlima Kenya asubiri vipindi vya kiangazi, na hata hapo aulize wenyeji.

Kibali cha Hottentots Holland hutolewa na CapeNature, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Njia hufungwa nje ya msimu, na pia baada ya moto au mafuriko. Ulizia kwanza kama iko wazi, ndipo ukodi gari.

Hatua ya 2: Chagua wenzako

Idadi nzuri ni watu wanne hadi wanane. Chini ya wanne, mmoja akivunjika mguu hakuna wa kubaki naye na wengine wawili wa kwenda kuita msaada. Juu ya wanane, siku inaliwa na foleni: watu kumi na wawili wakichukua dakika tatu kila mmoja pale juu ya jabali, huo ni mruko mmoja uliokula zaidi ya nusu saa, na waliotangulia wamekaa kivulini wakiwa wameloa chapachapa.

Kila mmoja aweze kuogelea mita 50 akiwa na nguo na viatu, bila kushika kitu, kisha aelee dakika mbili bila wasiwasi. Mpimane kwenye bwawa la kuogelea wiki moja kabla. Boya la kifuani halimgeuzi asiyejua kuogelea kuwa mwogeleaji. Humwelesha tu, naye akianza kuparamia watu kwa hofu anakuwa hatari kwa kundi zima. Mwenye mimba, mwenye kifafa, mwenye tatizo la moyo, mwenye bega linaloteguka mara kwa mara: hawa wasiende, hata kama ndio waliochanga pesa nyingi zaidi.

Mara ya kwanza nenda na mwongozaji anayelijua korongo hilo. Kabla ya bei, muulize maswali matatu. Mara ya mwisho amepita lini, na je, mvua imenyesha tangu siku hiyo? Miruko ipi inaweza kuepukwa kwa kupita pembeni, na ipi haiepukiki? Mtu akiumia katikati, mnatokea wapi? Mwongozaji wa kweli atajibu kwa mahali na masafa, na huenda akaanza kukuchorea kwa kidole mezani. Anayekujibu "usijali, twende tu", mshukuru na utafute mwingine.

Hatua ya 3: Vaa na ufunge mzigo

Maji ya milimani ni baridi hata Januari, wakati Cape Town watu wanachomwa na jua. Maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 haraka kuliko hewa ya baridi ileile, kwa hiyo fulana na kaptula havitoshi kwa siku nzima. Kodi suti ya mpira kama wanazovaa wapiga mbizi, yenye mikono na miguu mirefu. Juu yake vaa kaptula ngumu iliyochakaa. Kaptula hiyo ndiyo itakayotoboka kwenye miserereko, na hiyo ni heri kuliko kutoboka kwa suti ya kukodi.

Kofia ngumu ni lazima, tena yenye mkanda wa kidevuni. Ijaribu nyumbani. Mwenye misuko mikubwa au rasta zilizofungwa juu ataona kofia imepanda utosini na paji la uso liko wazi. Afungue fundo, alaze nywele chini hadi shingoni, kisha akaze mkanda mpaka kofia isisogee anapotikisa kichwa. Anayejisitiri kichwa avae kofia ya kuogelea inayobana na kufunika shingo, chini ya kofia ngumu. Mtandio wa pini usiingie majini, kwa sababu ukinasa kwenye tawi utamvuta shingo. Pete, hereni na mikufu viache nyumbani.

Miguuni vaa raba za kamba zenye soli laini, na soksi ndani yake. Ndala hutoka kwenye mruko wa kwanza. Buti za ngozi hunywa maji na kukuzamisha.

Begi la mgongoni litobolewe matundu madogo chini ili maji yachuruzike unapotoka dimbwini, la sivyo utabeba kilo kadhaa za mto bila sababu. Chakula, simu na nguo kavu vikae kwenye madumu ya plastiki yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha. Dumu lenye hewa pia hulifanya begi lielee. Chapati, tende na mayai ya kuchemsha vinavumilia siku nzima. Mkate wa kawaida hugeuka uji.

Vya pamoja katika kundi: kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20, kisu cha kukunja, filimbi isiyo na punje ndani (yenye punje hugoma ikiloa), bandeji pana, blanketi jepesi la dharura la karatasi ya fedha, tochi ya kichwani na miwani ya kuogelea. Miwani hiyo ndiyo chombo muhimu kuliko vyote katika orodha hii, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 4: Simama ukingoni na uamue

Kutoka Nuweberg kuna kutembea kwa saa kadhaa kupita vichaka vifupi vya fynbos kabla ya kufika majini. Anzeni mapema, jua likichomoza. Mchana wa korongoni ni mfupi, kwa sababu kuta huzuia jua.

Mkifika mtoni, msiingie. Kaeni, kuleni kidogo, kisha mtazame vitu vitatu.

Kwanza, mbingu ya upande mto unakotoka. Maji yatakayokuua hayatokei juu ya kichwa chako, hutokea kilomita nyingi nyuma, na unaweza kuwa umesimama kwenye jua kali wakati yanakuja. Hell's Gate, kule Naivasha nchini Kenya, imetuonyesha mara mbili: Aprili 2012 vijana saba wa msafara wa kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 wakafa wengine saba. Korongo lile hupitwa kwa miguu, mara nyingi juu ya mchanga mkavu, ndiyo maana watu hulidharau. Uswisi nako, Julai 27, 1999, kijito cha Saxetenbach karibu na Interlaken kiliua watu 21 wa msafara wa kuteremka korongo, watatu wao wakiwa waongozaji, baada ya mvua ya radi kupiga juu ya bonde. Ukiona wingu zito juu ya chanzo cha mto, au utabiri ulitaja radi, geuzeni. Hela ya kibali imekwenda, basi.

Pili, alama za mafuriko yaliyopita. Angalia ukutani: nyasi kavu zilizonasa kwenye nyufa, matawi yaliyokwama juu ya kichwa chako, gogo lililolala kwenye rafu ya jabali mita tatu juu ya maji. Mto ulifika pale, na unaweza kufika tena. Kuanzia hapo, kila mnapopumzika, pumzikeni juu ya mstari huo.

Tatu, kiwango cha maji ya leo. Chomeka kijiti pale maji yanapogusana na mchanga, kaeni dakika ishirini, kisha mkiangalie. Maji yakiwa yamekipita, mto unapanda. Fanyeni hivyohivyo mnapokula mchana, ingawa wakati huo itakuwa kwa ajili ya kukimbilia juu, maana kurudi hakupo tena.

Hapo ndipo kila mmoja aulizwe kwa jina lake: unaingia au unarudi? Ulizeni kwa sauti ya kawaida, bila utani. Anayesitasita arudi pamoja na mmoja wenu, na asichekwe. Ni nafuu mno kumpoteza mtu hapa kuliko kumkuta analia juu ya jabali saa tisa alasiri, jua limeondoka na hakuna njia ya kumzungusha.

Pia kubalianeni ishara, kwa sababu chini ya poromoko hakuna sauti inayosikika. Mkono juu ya kichwa: niko salama. Mikono ikipungwa juu: nahitaji msaada. Filimbi moja: simameni wote. Zifanyieni mazoezi hapohapo.

Hatua ya 5: Tembea mtoni kama mzee

Mawe ya kawaida ya njiani huumiza vifundo vya miguu kuliko unavyodhani, na hakuna anayeyaogopa. Jabali la kijivu lililo kavu hushika raba. Jeusi lenye kung'aa, au lenye ukijani, linateleza hata kama limelala sawa. Weka mguu katikati ya jiwe, tumia mikono, kaa chini na ushuke kwa makalio ukiona huna uhakika. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe.

Maji yakifika magotini na yanakimbia, acha kusimama. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili mkondo utakusukuma kifudifudi, na hata maji ya kina kifupi yanatosha kukuzamisha hivyo. Badala yake lala chali, miguu ikitangulia kuelekea mto unakoelekea, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, na upige kasia kwa mikono mpaka kwenye maji tuli ya pembeni.

Hatua ya 6: Kuserereka

Mserereko mzuri ni jabali ambalo mto umelilainisha kwa miaka mingi, lenye maji membamba yanayopita juu yake na dimbwi refu chini. Mbaya ni ule wenye ngazi iliyofichwa na povu, au unaoishia kwenye ukuta. Huwezi kuutambua ukiwa juu. Mtu mmoja lazima ashuke kwa pembeni, aingie dimbwini, apapase pale wanapotua watu, ndipo atoe ishara.

Kaa kwenye maji juu ya mserereko ukiwa umeshika jabali kwa mikono miwili. Nyosha miguu mbele, uibane pamoja, magoti yakunjwe kidogo tu ili yanywe kishindo. Lala chali, ila kidevu kikae kifuani ili kisogo kisigonge. Sasa achia mikono na uikunje kifuani, kila kiganja kikishika bega la upande wa pili, viwiko vikibana mbavu. Viwiko ndivyo vinavyosahaulika. Kila mtu akihisi kasi hutaka kunyoosha mkono ajizuie, na mkono ulionyooshwa kwenye jabali linalokimbia ndio unaoteguka bega.

Vuta pumzi kabla ya ukingo wa mwisho, na uizuie. Ukiingia dimbwini, usisimame kupungia watu: ogelea moja kwa moja hadi pembeni, kisha toa ishara. Anayefuata haondoki mpaka aione ishara hiyo. Wawili kushuka pamoja wameshikana ni picha nzuri na wazo baya, kwa kuwa kofia ya mmoja hukutana na meno ya mwingine.

Kama mserereko una shimo au mgongo katikati, nyanyua makalio kidogo kwa kukaza tumbo unapolipita. Mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo ukigonga pale, hutakaa vizuri kwa wiki kadhaa. Begi usilivae mgongoni. Litangulize, au literemshwe kwa kamba.

Hatua ya 7: Kuruka

Mito ya Hottentots Holland ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Si uchafu, ni rangi inayotoka kwenye mimea ya fynbos. Ila kwa mrukaji maana yake ni hii: kutoka juu huoni chini. Dimbwi la mita moja na la mita sita yanafanana kabisa. Kwa hiyo kina hakikisiwi kwa macho, hupimwa kwa mwili wa mtu.

Mtu wa kwanza hushuka kwa pembeni, hata kama itambidi azunguke dakika kumi. Akifika dimbwini huvaa miwani, hupiga mbizi mahali hasa pa kutua akinyoosha mikono mbele, na hutafuta chini. Kisha huhama mita moja kulia, tena kushoto, tena mbele, tena nyuma, kwa sababu hakuna anayetua pale alipolenga. Anatafuta mawe, pia magogo, ambayo hukaa wima yakiwa yamezama. Akimaliza, huelea pembeni na kuonyesha kwa mkono mahali pa kulenga. Kwa kipimo cha kichwani: mabwawa ya mashindano ya kujirusha kutoka mita 10 huwa na kina cha karibu mita 5. Dimbwi lolote ambalo mpimaji amegusa chini bila taabu halifai kwa mruko mkubwa.

"Tuliruka hapa mwaka jana" si kipimo. Mafuriko ya msimu mmoja huhamisha jiwe la ukubwa wa meza na kuliacha katikati ya dimbwi mlilokuwa mkilijua. Mruko usiopimika leo haurukwi leo.

Jinsi yenyewe sasa. Simama ukingoni, vidole vya mguu mmoja vikigusa ukingo, mguu wa pili nyuma. Kama jabali limeloa, usikimbie na usijisukume kwa nguvu. Piga hatua moja ndefu kwenda mbele, kana kwamba unashuka ngazi iliyo mbali. Anayejisukuma kwenye jabali lenye maji huteleza na kuanguka kando ya ukuta, na humo ndimo mawe yalimo. Tazama ng'ambo, usawa wa macho. Ukitazama chini, kifua kinafuata macho, mwili unalala, na maji yanakuchapa uso na tumbo.

Hewani unaweza kupunga mikono kidogo ili ukae wima, kisha uibane kabla ya kugusa maji: ama kifuani, ama imenyooka ubavuni. Miguu pamoja, imekazwa, magoti yamelegea kidogo. Toa pumzi puani unapoingia, maana maji yakipanda puani kwa kasi hiyo utayasikia hadi utosini. Usijibane pua kwa mkono. Kiganja kikisukumwa na maji kinakuwa ngumi yako mwenyewe usoni. Kuruka kwa kichwa, kupiga sarakasi, kuruka kwa makalio: havimo. Mwenye boya la kifuani alikaze mpaka lisipande kidevuni anapolivuta kwa mikono miwili.

Pandeni ngazi kwa ngazi. Anza na mita mbili, rudia mpaka miguu inaingia pamoja bila kufikiri, kisha nne, kisha sita. Ukiona unatua umeegemea mbele au umekaa, ongeza mazoezi, usiongeze urefu. Na panapo njia ya pembeni, kuitumia hakuhitaji maelezo kwa mtu yeyote. Kundi linalohesabu "tatu, mbili, moja" kumsukuma anayesita linafanya kosa: mtu huyo ataruka nusu, na mruko wa nusu ndio humtua mtu ukingoni.

Wakati mwili uko baridi sana miguu inakuwa na ganzi na hatua ya mwisho haitii. Mtu anayetetemeka bila kuweza kunyamaza, au anayevuta maneno anapozungumza, asiruke kwanza. Avae kitu kikavu, ale tende, atembetembe juani.

Hatua ya 8: Maji meupe

Chini ya poromoko maji hujaa hewa na kuwa meupe. Huko hupokelewi kwa ukali, lakini unazama zaidi, na ukipiga mikono hupandi haraka, kwa sababu unashika povu. Lenga mpaka, pale weupe unapoishia na maji ya rangi kuanza.

Poromoko lenye nguvu huwa na mzunguko chini yake: maji ya juu hurudi nyuma kuelekea ukutani, na kitu kinachoelea hurudi nacho. Litupie kijiti kabla hujajitupa wewe. Kikirudi chini ya poromoko na kubaki kikizunguka, lipite kwa pembeni. Ukinaswa, usipigane kwenda mbele moja kwa moja. Ogelea kwenda upande, kando ya poromoko, mpaka utoke kwenye mzunguko. Ikishindikana, kunja mwili, zama, na uache mkondo wa chini ukutoe.

Kuna pia mahali ambapo maji huingia chini ya rundo la mawe na kutokea mbele. Hapo kijiti hakirudi, kinapotea. Usikaribie. Mwili haupiti pale maji yanapopita.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Dalili za mto kupanda: maji yanabadilika rangi na kuwa ya tope, majani na matawi mabichi yanaanza kupita, mngurumo unaongezeka kutoka juu, kijiti chako kimefunikwa. Ukiona mojawapo, msijadiliane na msikimbilie mbele kutafuta mwisho wa korongo. Maji yana mbio kuliko nyie. Pandeni ubavuni, juu ya ule mstari wa nyasi kavu, na mkae huko hata kama ni usiku kucha. Mizigo iachwe.

Mtu akianguka vibaya na kulalamika shingo au mgongo, au hisia za miguu zimepungua, asiinuliwe na kukalishwa. Mwelesheni majini chali, mmoja akishika kichwa kisigeuke, hadi mahali tambarare. Kisha abaki hapo, afunikwe. Kifundo kilichoteguka kifungwe bandeji juu ya kiatu, kiatu kisivuliwe, maana hakitaingia tena. Bega lililotoka msilirudishe kwa kuvuta kama mlivyoona kwenye filamu. Ufungeni mkono kifuani.

Simu haishiki mtandao ndani ya kuta. Wawili waende pamoja hadi mahali penye mtandao na kupiga 112, wakiwa wameandika kwenye karatasi jina la korongo, idadi ya watu, saa ya ajali na aina ya jeraha. Wanaobaki wapige filimbi mara sita ndani ya dakika moja, wapumzike dakika moja, warudie. Hiyo ni ishara ya kimataifa ya milimani, na jibu lake ni milio mitatu.

Hatua ya 10: Kutoka

Ajali nyingi za kipuuzi hutokea kwenye mita za mwisho, watu wanapovua kofia kwa kuwa gari linaonekana. Kofia ivuliwe kwenye gari. Vueni suti mara moja, vaeni nguo kavu, kunyweni kitu cha moto chenye sukari. Sikio linalouma baada ya mruko, au linalosikia kama limezibwa siku mbili baadaye, lipelekwe kwa daktari, kwani ngoma ya sikio hupasuka bila kelele. Maumivu ya mgongo yanayoongezeka usiku yasisubiri wiki.

Suuzeni suti kwa maji safi na kuianika kivulini ikiwa imegeuzwa nje ndani. Na kabla hamjawasha gari, mtoe taarifa ofisini kwamba mmetoka, wote, kwa idadi ileile iliyoandikwa kwenye kibali. Kundi lililosahau hilo huwafanya watu wa uokoaji wapande mlimani usiku kuwatafuta waliokwisha lala nyumbani kwao.